Kinu cha Mbao cha Shume na Njia Yake ya Waya

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwasimulieni habari za kinu cha kupasulia mbao kilichokuwa juu ya milima ya Usambara, mahali paitwapo Shume, katika miaka iliyotangulia vita vya 1914. Huenda mtu akauliza, "Kinu cha mbao kina historia gani? Je, historia si habari za wafalme na vita?" Swali hilo tumeulizwa mara nyingi na wanafunzi wetu, na jawabu letu ni moja. Wafalme hufa na vita hupita, lakini mti mkubwa ukikatwa, pengo lake huonekana hata na wajukuu. Tena habari za kinu hiki zimeungana na habari za kalamu ya risasi, ile penseli ambayo kila mtoto wa shule huishika siku yake ya kwanza, kama tutakavyoona.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mtu atokaye Tanga kwenda Moshi huiona milima ya Usambara mkono wake wa kuume. Akiisha kupita Korogwe na Mombo, kisha Mazinde, alipokaa Semboja zamani za misafara, hufika Mkumbara. Upande wa kushoto ni nchi tambarare, kavu, yenye miiba. Upande wa kuume mlima umesimama kama ukuta. Huku chini jua laumiza kichwa. Kule juu, katika Shume, ukungu wa asubuhi hufunika kila kitu, na mgeni hutafuta blanketi. Kutoka Mkumbara hata Shume, kwa kwenda juu tu, ni kama mita 1,500. Mtu aliye kandokando ya mlima kule juu aweza kuiona stesheni chini yake kama punje ya mahindi, lakini akitaka kuifikia kwa miguu, atashuka sehemu kubwa ya siku, na magoti yatatetemeka.

Juu kule palikuwa na msitu mkubwa wa miti mirefu. Ndani yake ilikuwamo mikulo, na mise, na hasa miangati, miti ambayo watu wa nchi nyingine huiita mitarakwa. Mwangati hukua polepole. Mtu aupandaye hawezi kutumaini kuupasua yeye mwenyewe, wala mwanawe. Pengine mjukuu wake. Ukikomaa, huweza kuwa na urefu wa mita 30 na zaidi. Ganda lake la mbao, lililo karibu na gome, ni jeupe, bali kiini chake ni chekundu na chenye harufu nzuri. Mchwa hawakipendi kiini hicho, na kwa sababu hiyo nguzo ya mwangati yaweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuliwa.

Msitu huo haukuwa mahali pasipo wenyewe. Washambaa walio wengi walikaa chini kidogo ya hapo, penye joto la kutosha migomba yao, kwa kuwa ndizi hazistawi penye baridi kali. Lakini Wambugu, ambao ni wafugaji, walikaa juu, wakachunga ng'ombe wao katika malisho yaliyo kati ya miti. Waliijua njia ya kila chemchemi. Walikata mti walipouhitaji, wakachoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yachipuke. Basi msitu ulitumiwa, lakini haukuisha.

Wahenga walisema, "Penye miti hapana wajenzi." Kwa habari ya Shume twaweza kusema, penye miti hapakuwa na njia. Msitu ule haukulindwa na askari wala na sheria. Ulilindwa na ule ukuta wa mlima. Nani angeweza kulichukua gogo la mwangati kichwani na kulishusha genge la mita 1,500? Watu walichukua mti wa kujengea nyumba zao, basi. Neno hili tulishike vizuri, maana ndilo mzizi wa habari yote itakayofuata.

Sasa tutazame jinsi njia ilivyokuja. Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Kazi ilikwenda pole pole sana. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, na Mombo 1905. Kutoka Mombo ilisukumwa mbele mpaka Buiko, ikafika huko mwaka 1909, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mkumbara ni kati ya Mombo na Buiko. Kwa hiyo katika miaka hiyo michache, kati ya 1905 na 1909, gari la moshi lilifika chini ya miguu ya msitu wa Shume. Kutoka hapo mpaka bandari ya Tanga mzigo ulikuwa na njia yake, na kutoka Tanga meli zilikwenda Ulaya.

Wakati huohuo serikali ya Wadachi ilikuwa imeweka sheria za ardhi na misitu. Mwaka 1895 ilitangaza kwamba nchi yote isiyo na mwenyewe, kwa macho yake, ni mali ya serikali. Mwaka 1904 ikatoa sheria ya kulinda misitu, na sehemu za msitu zikawekewa mipaka. Mji mkuu wa wilaya ulikuwa Lushoto, ambao siku zile uliitwa Wilhelmstal. Kampuni ya Wilkins na Wiese ndiyo iliyopata haki ya kukata miti katika msitu wa Shume. Hapo ikajenga kinu chake, na mahali hapo pakaitwa Neu-Hornow, maana yake Hornow Mpya, kwa jina la kijiji kilichoko Ujerumani.

Je, walitafuta nini hasa katika baridi ile? Hapa ndipo tunapoikuta kalamu ya risasi. Mbao ya kalamu haiwezi kuwa mbao yoyote. Sharti iwe laini, ili ichongeke kwa kisu kidogo bila kuvunjika. Nyuzi zake ziwe zimenyoka. Wala isijipinde ikikauka. Kwa miaka mingi viwanda vya kalamu vya Ujerumani, hasa vile vya upande wa Nürnberg, vilinunua mti wa Marekani ulio wa jamaa moja na mwangati wetu. Lakini miti ile ya Marekani ilikatwa sana hata ikaanza kuadimika. Wenye viwanda wakatazama huku na huku, wakasikia kwamba katika milima ya Afrika ya Mashariki kuna mti mwekundu, wenye harufu, na unaochongeka vizuri. Basi, haja ya mwanafunzi wa Ulaya ya kupata kalamu ikafika hata kwa ng'ombe wa Mmbugu aliyekuwa akilala chini ya mwangati. Ndivyo biashara ilivyo: huunganisha watu wasioonana.

Lakini ule ukuta wa mlima ulikuwa bado upo. Reli iko chini, miti iko juu. Kuzunguka kwa njia ya Lushoto na Mombo kulikuwa mbali, na mzigo wenyewe ni mzito. Ndipo wenye kinu wakaagiza kwa kampuni ya Adolf Bleichert ya mji wa Leipzig, ambayo ilikuwa imejipatia sifa katika nchi nyingi kwa kujenga njia za waya. Kampuni hiyo ikajenga njia ya waya kutoka Neu-Hornow mpaka Mkumbara, urefu wake kilometa 9 hivi.

Tueleze kidogo jinsi njia ya namna hiyo ifanyavyo kazi, maana wengine wetu hawajaiona. Nguzo husimamishwa moja baada ya moja toka juu mpaka chini. Juu ya nguzo hizo hulazwa waya mnene wa chuma, uliosukwa kama kamba, nao hautembei. Huo ndio kama reli ya angani. Juu ya waya huo hukaa magurudumu madogo, na chini ya magurudumu huning'inia mzigo. Kisha kuna waya wa pili, mwembamba kuliko wa kwanza, ambao huzunguka bila kukoma, ukienda chini upande huu na kurudi juu upande ule. Huo ndio unaovuta. Mzigo ukishikamanishwa nao, huenda. Na kwa kuwa mbao nzito zashuka na vyombo vitupu vyapanda, uzito wa zile zinazoshuka husaidia kuvipandisha vile vitupu. Kazi kubwa ya fundi si kusukuma, bali ni kuzuia, ili mzigo usikimbie. Hivyo mlima wenyewe, uliokuwa adui wa mpasua mbao, ulifanywa kuwa mtumishi wake.

Yafaa tukiri kwamba kazi hiyo ilikuwa ya akili nyingi. Gogo lililoota juu ya mawingu liliweza kupita hewani, juu ya mabonde na magenge, na kufika penye gari la moshi bila kugusa udongo. Mwalimu wa hesabu hawezi kuisikia habari hii asifurahi. Lakini mwalimu wa historia hana budi kuuliza maswali mengine mawili: Ni nani waliofanya kazi hiyo? Na msitu uliopata njia ulipatwa na nini?

Kwa swali la kwanza, jina la kinu lilikuwa la mabwana wawili, bali mikono ilikuwa ya watu wengi. Njia ya kilometa 9 katika genge haijengwi na waya peke yake. Kulikuwa na kuchimba mashimo ya nguzo katika mawe, kupandisha vyuma, kufyeka, kuangusha miti kwa mashoka na misumeno, kuyaburura magogo mpaka kinuni, na kupanga mbao. Katika milima hii kazi kwa Wazungu haikuwa hiari tupu. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilimtaka kila mtu atafute rupia. Tena mwaka 1907 wilaya hiyo ya Wilhelmstal iliweka desturi ya vipande: kila mwanamume mzima alipewa karatasi, naye akatakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha pangwa. Asiyezitimiza aliweza kushikwa na kupelekwa katika kazi za serikali. Tufanye hesabu pamoja: siku 30 katika miezi minne ni siku 90 katika mwaka. Mtu huyo alikuwa na migomba yake, na mahindi yake, na mvua haikungoja amalize kipande. Mkewe ndiye aliyebaki na jembe.

Hatusemi haya ili kuamsha chuki. Wote waliotoa vipande na wote waliovipokea wamekwisha kufa. Twasema kwa kuwa bei ya kitu si ile iliyoandikwa dukani tu. Kalamu iliyouzwa Ulaya kwa senti chache ilikuwa na bei nyingine, iliyolipwa Usambara kwa siku za watu, na bei hiyo haikuandikwa katika daftari la muuzaji.

Sasa tujibu swali la pili, habari za msitu. Si kila mwangati ulioangushwa ulikuwa kalamu. Miti mingi mikubwa ya namna hii huoza moyoni kwa ugonjwa wa ukoga, na mtu hawezi kujua kwa kuutazama gome. Shina lake tena mara nyingi lina mifereji na mikunjo. Toa ganda jeupe lisilotakiwa, toa moyo uliooza, toa mafundo, toa penye nyuzi zilizopinda. Kilichobaki kizuri ni kidogo kuliko mtu alivyodhani alipokuwa akiutazama mti umesimama. Kwa hiyo ili kujaza behewa moja la mbao safi sharti uangushe miti mingi.

Kuna jambo jingine, nalo ni la ajabu. Mche wa mwangati haupendi kivuli. Huota vizuri mahali palipofunguka, na mara nyingi mahali palipopitiwa na moto. Msitu wa miangati tuuonao leo ni mtoto wa moto wa zamani. Mabwana Miti walipoweka mipaka, walikataza moto, wakakataza na ng'ombe wa Wambugu, kwa nia ya kuuhifadhi msitu. Lakini ndani ya nchi ileile shoka la kinu lilikuwa na ruhusa. Mzee wa Kimbugu aliyeambiwa aondoe ng'ombe wake wasiharibu miche, huku akiyaona magogo yakipita angani juu ya kichwa chake, angekuwa na haki ya kuuliza ni nani hasa aharibuye. Wala Mabwana Miti hawakuwa watu wa kukata tu. Walipanda pia, na mingi ya miti waliyopanda ilikuwa ya kigeni, ikuayo upesi. Tangu hapo sura ya Shume ilianza kubadilika.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalipita katika bonde hilo yakifuata reli, yakaingia Mombo, na siku chache baadaye Wilhelmstal. Kazi ya Wadachi katika Shume ikakoma. Mali za Wajerumani zikashikwa kama mali za adui, na baadaye zikauzwa. Mwaka 1921 serikali mpya ilitoa sheria yake ya misitu, ikaishika mipaka mingi iliyowekwa na Wadachi. Bendera ilibadilika, mpaka wa msitu haukubadilika. Neno hilo wazee wa Shume walilitambua mapema.

Katika miaka iliyofuata mashamba ya miti yalizidi kukua mahali pa msitu wa zamani. Watu walipewa sehemu katika msitu uliokatwa, wakalima mahindi na mboga kati ya miche ya serikali, wakaipalilia miche hiyo pamoja na chakula chao, hata miti ilipokua na kutia kivuli. Ndipo wakahamia sehemu nyingine. Hata leo Shume ina shamba kubwa la miti la serikali, la misonobari na misaiprasi, ikatwayo na kupandwa tena kwa zamu. Na sehemu ya msitu wa asili iliyosalia upande wa Magamba imewekwa kuwa hifadhi. Lakini magogo hayapiti tena angani kwenda Mkumbara.

Basi, tukihukumu kinu cha Shume, tukihukumu kwa sheria gani? Twaonelea vema tutumie maneno ya wenyeji wa milima hiyo. Washambaa tangu zamani walikuwa na maneno mawili ya kumpima mtawala. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi: mvua inyeshe kwa wakati, chakula kipatikane, watu waongezeke. La pili ni kubana shi, maana yake kuiumiza nchi: jua kali, njaa, watu kutawanyika. Hawakumuuliza mfalme ana nguvu kiasi gani. Walimwuliza nguvu zake zaiponya nchi au zaiumiza.

Kipimo hicho kinafaa hata kwa mashine. Waya wa Shume ulikuwa nguvu. Wenyewe haukuwa mwema wala mbaya. Uliweza kushusha katika siku moja miti iliyoanza kuota kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa. Lakini njia ikifunguka kwa upesi namna hiyo, sharti na kupanda kuende upesi, na wenyeji wapate sehemu yao katika faida, la sivyo nchi yaumia. Hapo zamani mlima ulilinda msitu kwa kuwa haukupandika. Ulinzi huo umekwisha, wala hautarudi. Leo barabara zapanda mpaka juu, na magari yapita. Aliyebaki kuwa mlinzi ni mtu mwenyewe, kwa akili yake na kwa mapatano yake na jirani zake.

Na jambo hili si la watu wa Shume peke yao. Vijito vishukavyo upande ule huingia katika bonde la Mkomazi, na mtu wa chini alimaye kwa maji ya mfereji hunywa msitu wa mtu wa juu, ijapokuwa hajapata kuuona. Msitu ukipata jeraha juu, kiu huonekana chini.

Wanafunzi, siku mtakapopita Mkumbara, inueni macho mwutazame ukuta ule, mkafikiri habari za watu waliochimba mashimo ya nguzo katika mawe yale. Nanyi wazee wenye mashamba milimani, tunawaomba neno moja dogo. Kila mmoja achague mahali pamoja penye jua, mpakani mwa shamba lake, apande mwangati mmoja, aukinge na mbuzi. Hatautumia yeye. Lakini mjukuu atakapouliza ni nani aliyeupanda, jina litakuwapo la kutajwa.

Kwaherini.